Chipsi za Saa Tatu Usiku: Mafuta Tunayokula Yanagusaje Usingizi?

Wakazi wengi wa Nairobi hula mlo mkubwa wa siku saa tatu usiku, wengine saa nne. Mtu ametoka kazini saa kumi na moja, amekwama kwenye msongamano wa Thika Road au Mombasa Road hadi giza likaingia, ameshuka steji akiwa na njaa kali, na hapo hapo kando ya barabara kuna chipsi, bhajia, viazi karai na kuku wa kukaanga. Ananunua, anafika nyumbani, anakula, anaoga, analala. Kisha anashangaa mbona ameamka saa nane usiku kifua kikimchoma, au mbona amelala muda wote unaotakiwa na bado anaamka mwili umechoka.

Maelezo yanayozunguka kuhusu jambo hili ni mengi na yanapingana. Video fupi moja inamshauri mtu anywe kijiko cha mafuta ya nazi kabla ya kulala. Nyingine inasema parachichi la usiku ndilo dawa. Kuna wanaoapa kwamba wasiposhiba kitu kizito hawapati usingizi, na kuna walioacha mafuta yote kwenye chakula cha jioni na bado wanageukageuka kitandani. Kwa maoni yangu, mkanganyiko unaanzia kwenye swali lenyewe. Ukiuliza tu kama mafuta yanaharibu usingizi, hutapata jibu moja. Sharti kwanza useme ni mafuta gani, kiasi gani, yameliwa saa ngapi, na unaposema usingizi unakusudia nini. Kwa maisha ya jiji hili, suala la saa ndilo naliona zito kuliko yote.

Tuanze na mafuta yenyewe. Hakuna kirutubisho chenye nishati nyingi kuyashinda: gramu 1 hutoa kalori 9, ilhali gramu 1 ya wanga au ya protini hutoa 4. Mwili unayahitaji. Utando unaoizunguka kila seli umejengwa kwayo kwa sehemu kubwa, sehemu kubwa ya ubongo ni mafuta, na vitamini A, D, E na K hazifyonzwi vizuri yasipokuwepo. Anayekuambia uyaache kabisa anakupotosha.

Lakini si yote yanayofanana. Mafuta shibe ndiyo yale yanayoelekea kuganda yakipoa: samli, siagi, mafuta ya nazi, na ule utando mweupe unaobaki kwenye ubao wa nyama choma ikishapoa. Mawese nayo, karibu nusu yake ni shibe, na sehemu kubwa ya mafuta ya kupikia tunayonunua, ya chupa na ya kupimiwa dukani, hutokana na mawese yanayoagizwa kutoka Malaysia na Indonesia. Ndiyo sababu Julai, baridi ya Nairobi inapokaza, mafuta kwenye chupa huingia ukungu mweupe. Mafuta yasiyo shibe hubaki majimaji hata kukiwa na baridi: ya alizeti, ya njugu, ya korosho na makadamia, ya parachichi, na ya samaki. Omega-3 inayotajwa sana siku hizi imo katika kundi hili. Kisha kuna mafuta ya transi, ambayo hutokea hasa mafuta ya mimea yanapogandishwa kiwandani kwa kutiwa haidrojeni. Haya hayana faida yoyote mwilini, na Shirika la Afya Duniani linataka yasizidi asilimia 1 ya kalori za siku. Kwa mafuta shibe, kikomo cha shirika hilo ni asilimia 10.

Asilimia hizo ni rahisi kuzisoma na vigumu kuziona kwenye sahani, kwa hiyo tupige hesabu. Mtu anayekula kalori 2,000 kwa siku, asilimia 10 yake ni kalori 200, yaani gramu 22 hivi za mafuta shibe. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya kupikia kina takriban gramu 14. Yakiwa ya mawese, karibu 7 kati ya hizo ni shibe. Vijiko vitatu tu na umefikia mpaka wa siku nzima, kabla hujahesabu maziwa ya chai, nyama, wala siagi iliyopakwa kwenye mkate wa asubuhi. Chapati tatu zilizokaangwa kwa mkono mkunjufu zinaweza kubeba mafuta hayo yote bila mlaji kutambua.

Na usingizi mzuri ni upi? Wataalamu hupima umechukua muda gani kuupata baada ya kujilaza, umeamka mara ngapi, na umezama kiasi gani. Usiku hupita kwa mizunguko ya takriban dakika 90, kutoka usingizi mwepesi hadi mzito, kisha usingizi wa ndoto, halafu mzunguko unaanza upya. Usingizi mzito, ule ambao mtu akiitwa haitiki kwa urahisi, ndio unaorudishia mwili nguvu zaidi, na sehemu yake kubwa huja katika saa za mwanzo za usiku. Saa hizo hizo, mlo wa saa tatu bado umo tumboni.

Kinachotokea tumboni

Chakula hutoka tumboni kidogo kidogo kuingia utumbo mwembamba. Utumbo huo ukihisi mafuta, hutoa homoni zinazoliamuru tumbo lipunguze mwendo, kwa sababu mafuta yanahitaji nyongo na muda mrefu ili yameng'enywe. Ni kama askari wa trafiki kwenye mzunguko wa barabara: akiona magari yamebanana mbele, huyainulia mkono yaliyo nyuma yasubiri. Mlo mwepesi unaweza kuondoka tumboni kwa saa mbili au tatu. Wenye mafuta mengi huchukua saa nne na zaidi. Aliyekula chipsi na kuku saa tatu na nusu akapanda kitandani saa nne na nusu, amelala na tumbo lililo katikati ya kazi.

Juu ya tumbo pana msuli wa mviringo unaofunga njia ya kurudi kooni. Mlo wenye mafuta mengi huulegeza, na tumbo lililojaa huusukuma kutoka chini. Ukiwa umeketi au umesimama, asidi hubaki chini kwa uzito wake. Ukijilaza, kinga hiyo haipo tena. Asidi hupanda, na hicho ndicho kiungulia. Wapo ambao hawasikii hata kuchomwa. Huamka wakikohoa, au wakiwa na ladha chungu mdomoni, au usingizi wao hukatika mara kwa mara bila wao kukumbuka lolote asubuhi. Hawa ndio wanaosema wamelala vizuri na hawaelewi uchovu unatoka wapi.

Sasa, mbona mtu akila kitu kizito husinzia? Ni kweli kabisa kwamba husinzia. Mlo wenye mafuta mengi huongeza uzito wa macho saa mbili au tatu baadaye, na homoni zile zile zinazotolewa utumbo unapopokea mafuta zimehusishwa na hali hiyo. Ila kusinzia na kulala vizuri ni mambo mawili. Mtu anaweza kuchukuliwa na usingizi kochini akiangalia habari, kisha akapata usiku mwepesi uliojaa kukatika. Anayejipima kwa jinsi alivyolala haraka anapima mwanzo tu.

Mwaka 2016, watafiti wakiongozwa na Marie-Pierre St-Onge wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, walichapisha matokeo ya jaribio dogo lililofanywa kwa makini. Watu wazima 26 wenye uzito wa kawaida walilala maabara kwa siku 5 huku usingizi wao ukipimwa. Siku za mwanzo walipewa milo iliyopangwa. Siku ya mwisho waliachwa wale walichotaka. Baada ya milo iliyopangwa walichukua wastani wa dakika 17 kupata usingizi. Baada ya siku ya kujichagulia, dakika 29. Uchambuzi ulionyesha kwamba kadiri mafuta shibe yalivyochangia kalori nyingi zaidi, ndivyo usingizi mzito ulivyopungua, na kadiri nyuzinyuzi zilivyokuwa nyingi, ndivyo ulivyoongezeka. Sukari ilihusishwa na kushtuka mara nyingi zaidi usiku.

Watu 26 ni wachache, na siku moja ya kula utakacho haiwezi kutenganisha kazi ya mafuta, ya sukari na ya nyuzinyuzi, kwa kuwa vyote hubadilika pamoja. Hata hivyo ninaona mambo mawili ya kuyachukua kwa uzito. La kwanza ni kasi: siku moja ilitosha kuonyesha tofauti. La pili ni nyuzinyuzi, ambazo hazizungumzwi kabisa kwenye zile video. Sukuma wiki, ndengu, maharagwe na githeri zina nyuzinyuzi tele, na mara nyingi ndizo zinazosukumwa nje ya sahani chipsi zinapoingia. Pengine sehemu ya lawama tunayoyatupia mafuta ni ya kile kilichokosekana pembeni yake.

Usingizi nao hurudi kwenye sahani

Upande huu huwa hautajwi, na kwangu ndio wenye ushahidi ulio wazi zaidi. Chakula hugusa usingizi, lakini usingizi nao hugusa chakula, na kwa nguvu.

Katika jaribio la Chuo Kikuu cha Chicago lililochapishwa mwaka 2004, vijana 12 wa kiume wenye afya njema waliruhusiwa kulala saa 4 tu kwa siku mbili mfululizo. Ikilinganishwa na siku walizolala muda mrefu, leptini, homoni inayouambia mwili kwamba umeshiba, ilishuka kwa asilimia 18. Ghrelini, homoni ya njaa, ilipanda kwa asilimia 28. Njaa yenyewe iliongezeka kwa asilimia 24, na hamu ilielekea vyakula vizito vya kalori: vitamu, vya wanga, vyenye chumvi.

Mtazame basi mlinzi anayetoka zamu asubuhi, muuguzi aliyekesha wodini, au mama anayeamka saa kumi alfajiri awahi Marikiti. Mandazi, smoki na chipsi zinapowavuta, si kwamba hawana nidhamu. Miili yao imepokea ishara ya njaa ambayo aliyelala kwa muda wa saa nane hakuipokea. Kumhubiria mtu wa namna hiyo aache vya kukaanga, bila kugusa suala la lini atalala, ni kumtwika mzigo mara mbili. Kwa watu kama hawa ningeanza na usingizi, chakula kifuate.

Kukoroma si ishara ya usingizi mtamu

Njia ya tatu inayounganisha mafuta na usingizi haipiti tumboni, na haionekani kwa usiku mmoja. Mafuta yana kalori nyingi katika kiasi kidogo, kwa hiyo ni rahisi kula kupita mahitaji, na uzito ukiongezeka, mafuta hujikusanya pia shingoni na kuzunguka njia ya hewa kooni. Mtu akilala, misuli ya koo hulegea. Njia iliyokwisha kubanwa huziba, hewa hukatika kwa sekunde 10 au zaidi, ubongo hushtuka, mtu hukoroma kwa kishindo na kuvuta pumzi, kisha inajirudia. Kwa aliyeathirika sana, inajirudia makumi ya mara kila saa. Asubuhi huamka na maumivu ya kichwa, mchana husinzia kwenye mkutano au, hatari zaidi, kwenye usukani.

Watafiti wa Australia walilichunguza hili kwa wanaume 1,815 wenye umri wa miaka 35 hadi 80. Waliokuwa wakila mafuta mengi zaidi walielekea zaidi kusinzia mchana kupita kiasi, na pia kuwa na tatizo hilo la kukatika pumzi. Uhusiano wa mafuta na kukatika pumzi ulielezwa kwa kiasi kikubwa na uzito wa mwili. Ule wa kusinzia mchana haukuelezwa na uzito. Huu ulikuwa utafiti wa kuangalia, si wa kubadilisha milo ya watu, kwa hiyo hauwezi kuthibitisha kwamba mafuta ndiyo chanzo. Huenda waliochoka ndio waliokimbilia mafuta, kama vijana wa Chicago.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu kwetu anayekoroma huchekwa, au husemwa kwamba amelala fofofo. Mume au mke ndiye shahidi wa kwanza. Ukimsikia mwenzako anakoroma, anakata pumzi, kisha anashtuka kama anayekabwa, mpeleke kwa daktari. Tatizo hili huambatana na shinikizo la damu na magonjwa ya moyo, na lina matibabu. Kipimo cha usingizi kinapatikana Nairobi. Kupunguza uzito husaidia wengi, lakini wapo wembamba wenye tatizo hili pia, kwa hiyo usiliondoe akilini kwa kumtazama mtu umbo.

Samaki, parachichi na kijiko cha mafuta ya nazi

Je, yako mafuta yanayosaidia usingizi? Mwenye hoja nzuri zaidi ni samaki. Mwaka 2014, watafiti kutoka Norway walichapisha jaribio lililohusu wanaume 95 waliokuwa kwenye kituo cha matibabu ya akili cha wahalifu nchini Marekani. Kundi moja lilikula salmoni mara 3 kwa wiki, kuanzia Septemba hadi Februari. Jingine lilikula kuku, nguruwe na ng'ombe. Kwa waliokula nyama, muda wa kupata usingizi ulirefuka majira yaliposonga, na waliokula samaki waliripoti kuwa na mchana bora zaidi.

Kabla ya kukimbilia salmoni ya bei ghali, kumbuka kwamba miezi hiyo kwao ni ya baridi na jua haba, na watafiti wenyewe walitaja vitamini D, ambayo samaki huyo anayo kwa wingi, kuwa huenda ina mkono katika matokeo. Nairobi iko karibu sana na ikweta. Mchana wetu haufupiki kwa namna hiyo. Bado, samaki wenye mafuta ni chakula chema kwa moyo na ubongo, na omena ana omega-3 kwa bei ambayo familia nyingi zinaimudu. Tatizo ni mapishi. Omena aliyezamishwa kwenye mafuta hadi akakauka amebeba mafuta ya karai mengi kuliko yake mwenyewe. Akichemshwa kidogo, kisha akaungwa kwa nyanya na kitunguu, huliwa jioni bila kulilemea tumbo.

Parachichi ni jema. Mafuta yake mengi si shibe, na lina nyuzinyuzi. Lakini kwa tumbo mafuta ni mafuta: utumbo hausiti kulipunguza mwendo tumbo eti kwa sababu yametoka kwenye mashamba ya parachichi ya Murang'a. Kipande pamoja na chakula cha jioni ni sawa. Parachichi zima kubwa saa nne usiku linaweza kumletea kiungulia mwenye tatizo hilo.

Kuhusu kijiko cha mafuta ya nazi, zaidi ya asilimia 80 ya mafuta hayo ni shibe, kundi lile lile ambalo jaribio la New York lililihusisha na kupungua kwa usingizi mzito. Mchuzi wa nazi wa chakula cha mchana ni chakula. Kijiko kitupu kabla ya kulala ni kalori zaidi ya 100 za ziada, zinazoingia saa mbaya kuliko zote.

Na yako mengine ambayo mafuta hulaumiwa bure. Nyama choma ya Ijumaa huja na bia, na pombe humlaza mtu haraka kisha humkatiza usingizi katika nusu ya pili ya usiku, tena hulegeza koo na kuzidisha kukoroma. Chai ya rangi au ya maziwa baada ya chakula nayo ina kafeini, na kwa mtu wa kawaida nusu ya kafeini hiyo bado imo mwilini saa 5 hivi baadaye. Wengi waliobadilisha mafuta ya kupikia bila kuona nafuu hawakugusa kikombe hicho.

Kwa anayefika nyumbani saa mbili na nusu, ushauri wa kula saa kumi na mbili hautekelezeki. Kinachowezekana ni kuhamisha uzito wa mlo. Kilicho na mafuta mengi kiliwe mchana, wakati una saa nyingi za kuwa wima. Saa kumi au kumi na moja, kabla ya kuingia kwenye matatu, kula kitu kidogo: ndizi, kiazi kitamu, konzi ya njugu. Njaa ya steji itapungua, na harufu ya karai haitakuwa na nguvu ile ile. Ukifika, mlo uwe wa wastani na wa kuchemsha au kuunga kidogo: ugali na sukuma, ndengu, samaki wa mchuzi, mayai. Acha pengo la saa mbili au tatu kati ya kijiko cha mwisho na mto, hata ikibidi vyombo vioshwe usiku huo na nguo za kesho zipigwe pasi.

Kiungulia kikikusumbua, lala ubavu wa kushoto; kwa jinsi tumbo lilivyokaa, asidi hupata shida zaidi kupanda. Kuinua miguu ya kitanda upande wa kichwa kwa sentimita 15 hivi, kwa matofali au vipande vya mbao, hufaa kuliko kurundika mito, kwa maana mito hukunja tumbo. Kikiwa cha mara mbili au zaidi kwa wiki, au kikiambatana na shida ya kumeza, kupungua uzito bila sababu au kinyesi cheusi, usiendelee kununua dawa ya kutafuna dukani. Na maumivu ya kifua yanayobana na kusambaa mkononi au tayani yasiitwe kiungulia hata kidogo. Hayo ni ya kukimbizwa hospitali usiku huo huo.

Kuna pia asiyepata usingizi siku tatu au zaidi kwa wiki, kwa miezi mitatu na zaidi, ale asile. Huyo ana maradhi ya kukosa usingizi, na tiba inayopendekezwa kwanza kwake ni ya kisaikolojia: vikao na mtaalamu anayemsaidia kubadilisha mazoea na mawazo yanayomkesheza. Vidonge huja baadaye, vikihitajika. Mafuta anayopikia hayatabadilisha hali yake, na kila mwezi anaoutumia kujaribu sahani mpya ni mwezi aliochelewa kumwona mtaalamu huyo.